Hakuwa Papa: Maelezo Kamili Kuhusu Mimi, Mzia na Bukta Yangu

Swahiba wangu niliyekuwa navua naye Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kawasambazia video yangu na samaki aliyenasa kwenye bukta, na maneno yamekuwa mengi: eti papa, eti mayowe. Kwanza kabisa, hakuwa papa, alikuwa mzia, samaki mrefu mwembamba mwenye meno makali. Pili, sikupiga mayowe. Nilimwita mwenzangu jina lake, mara nyingi, kwa sauti ya kutosha kufika fungu la pili la mchanga. Tatu, lile gunia mnaloniona nalo kwenye video lilikuwa limesuuzwa. Mengine aliyoyasambaza swahiba wangu tangu jana siyapingi sana, ila kuna kitu kakiruka makusudi, nami nitakifikia. Tulieni, chai bado ya moto.

Mmoja wenu kaandika kwamba tuliingia majini "saa mbovu". Haijui Jambiani. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, upande ule wa Unguja maji hukupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni, na tofauti kati ya kupwa na kujaa hukaribia mita nne. Kila siku inayofuata unasogeza saa mbele kama dakika 50. Maji yakiwa ya vifundo vya miguu samaki wa maana hawakai ndani ya mwamba, wanatoka nje kupitia mlangoni, yaani pengo la mwamba. Yakianza kujaa wanarudi wakifukuzia visamaki vidogo, nawe uwe umeshasimama, maji ya magoti, jua mgongoni, miwani ya kukata mng'ao usoni ili uone chini. Saa mbili za mwanzo za maji kujaa, basi. Ubaya ni kwamba maji hayaji kwa mstari kutoka baharini. Hujaza mifereji kwanza, na mfereji mara nyingi uko nyuma yako, kati yako na pwani. Mfereji uliouvuka kwa magoti ukiuona umefika mapajani, rudi, hata samaki awe anakupungia mkono.

Saa, kwa hiyo, ilikuwa nzuri. Hata miguu ilikuwa na adabu. Tulikuwa tunaburura nyayo bila kuinua, kwa ajili ya samaki aitwaye taa, yule bapa. Taa hujifukia mchangani. Ukimsukuma ubavuni kwa ncha ya kiatu anaondoka zake, ukimkanyaga mgongoni anakuchoma kwa mwiba wa mkia. Na miguuni ni raba kuukuu zenye soli ngumu, si kandambili, maana kwenye mawe kuna wale viumbe weusi wa duara wenye miiba mirefu inayokatikia ndani ya nyama. Nasema haya ili mjue kwamba mtu mliyemwona amevaa gunia alikuwa, dakika chache kabla, mtu makini.

Vifaa navyo havina lawama, isipokuwa kimoja. Fimbo ya mita 2.4, ya kurusha gramu 10 hadi 30. Rili saizi ya 4000. Uzi wa kusuka wa milimita 0.2, mbele yake mita moja ya nailoni ngumu ya milimita 0.6, halafu waya wa chuma wa sentimita 15 kwa ajili ya meno ya mzia, ambayo nailoni yanaipita bila kupunguza mwendo. Mwisho wa waya, kisamaki cha plastiki kinachoelea, sentimita 11, mgongo wa buluu, tumbo jeupe, kimebeba ndoana mbili za meno matatu: moja tumboni, moja mkiani. Piga hesabu. Ncha sita. Samaki ana mdomo mmoja. Zile zilizobaki zinatafuta mtu.

Nilimwona kabla hajaniona. Mchirizi mrefu wa kijivu juu ya kipara cha mchanga katikati ya majani ya bahari, hautikisiki. Mzia ndivyo anavyokaa, anaelea tu, anajifanya hana haja na dunia. Humrushii kichwani. Unapitisha mita tatu mbele yake, halafu unavuta kwa kasi na husiti, hata akikufuata mpaka miguuni. Ukisita anapata nafasi ya kukikagua kisamaki chako, na akikikagua kazi imeisha, anageuka kwa dharau utakayoikumbuka.

Sikusita. Sikuona alivyoanza, niliona maji yamepasuka na breki ya rili ikaanza kulia.

Alikimbia kwanza kuelekea mlangoni, heri. Kisha akageuka akaelekea mashamba ya mwani, shari. Mwani Zanzibar unalimwa kibiashara tangu 1989, na mpaka leo walio wengi kwenye mashamba yale ni kina mama: vigingi vimepigwa mchangani, kamba zimetandazwa kati ya kigingi na kigingi, na mwani umefungwa shada kwa shada kwa tai-tai, vile vikamba vyembamba. Siku za bamvua ndipo wanapopata nafasi ya kufunga na kuvuna, kwa hiyo mama wa watu yumo shambani muda uleule unaovua wewe. Mvuvi mwenye adabu hakatizi kamba na harushi chambo juu ya kamba, maana ncha sita zikinasa pale utang'oa chakula cha watoto wa mtu. Kwa hiyo nikabana breki nikamgeuza mzia kwa nguvu, nikakunja uzi kwa pupa ili nimtoe upande ule. Nikakunja. Nikakunja. Nikakunja mpaka fundo la nailoni likaingia kwenye pete ya juu ya fimbo.

Hapa wajuzi wameshaweka vikombe chini.

Samaki akikaribia, nje ya ncha ya fimbo unabakiza uzi unaolingana na fimbo yenyewe, mita mbili na nusu hivi. Fimbo unailaza ubavuni, unamwacha azunguke mpaka alale upande, kisha unamshika nyuma ya kichwa, au unarudi kinyumenyume hadi mchangani unamburura juu. Ukibakiza mita moja halafu ukainua ncha juu, samaki hana pa kwenda ila kwako. Ni hesabu ya kamba na mti tu, haijali nani kashika mpini.

Niliinua ncha juu.

Turudie polepole, kwa sababu kwenye video ndipo mkono wa swahiba unapotikisika kwa kicheko na hamkuona vizuri. Mzia anatoka majini. Kilo mbili hivi, urefu wa mkono wangu kuanzia kwapani. Ndoana ya tumboni imemshika kwenye kona ya taya. Ndoana ya mkiani inaning'inia hewani, haina kazi, inatafuta ajira. Anakuja kwangu kama ndoo ya kisimani iliyoachiwa kamba. Nina muda, nawaapia, wa kufikiri neno zima: "kushoto". Nasogea kushoto. Naye anakuja kushoto. Ananigonga chini ya kitovu, anapiga mkia, na nasikia sauti ndogo: tk. Ncha moja imepita kwenye kitambaa cha bukta. Anapiga mkia tena. Tk. Ya pili. Nimeshafungamana na samaki aliye hai, mahali penye zipu.

Fikirini jiografia ya jambo lenyewe. Kutoka ndoana ya kwanza hadi ya pili ni sentimita sita. Kwa hiyo kutoka meno ya mzia hadi kizazi chetu kijacho ni sentimita sita, ukitoa zile anazozipunguza akijinyonga. Meno yake ya mbele ni marefu, hayalingani, na hayakuumbwa kutafuna. Niliyaona yote. Mdomo ukafunga. Ukafunguka. Ukafunga. Kila ukifunguka nilivuta tumbo ndani, ingawa tumbo halikuwa linatafutwa na mtu.

Mkono wa kulia ukamkamata nyuma ya kichwa. Wa kushoto ukamkamata mkia. Fimbo nikaibana kwapani, kwapa likashindwa, fimbo ikaanguka majini, uzi ukalegea ukajizungusha miguuni. Uzi wa kusuka wa unene ule huuoni ndani ya maji na haukatiki kwa teke. Mikono yote kwa samaki, miguu yote kwa uzi, na maji yalikuwa yameshapita magoti yanapanda kumsaidia mzia.

Cha kunitoa pale ni koleo. Koleo la mdomo mrefu lenye makali ya kukatia waya, ambalo mvuvi yeyote wa ndoana za namna hii analifunga kwa kamba kiunoni. Kamba ilikuwepo kiunoni kwangu. Mwisho wa kamba hapakuwa na kitu. Itazameni tena video, pale mwishoni anapojigeuzia simu ili mwone anavyolia kwa kucheka: kile chekundu kinachoning'inia shingoni kwake ni mpini wa koleo langu. Aliliazima asubuhi, "dakika moja tu, ndugu yangu". Alikuwa juu ya fungu, hatua mia hivi, ana koleo, ana miguu, na alichochagua kufanya ni kurekodi. Hilo ndilo alilosahau kuwasimulia.

Aliyekuja ni mama wa mwani, kapu kichwani, taratibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za tokea asubuhi?"

"Nzuri, mama."

"Mjini hawajambo?"

"Hawajambo wote." Ndivyo nilivyolelewa. Simkatizi mtu mzima salamu kwa sababu ya mzia.

Akamtazama samaki. Akanitazama mimi. Akamtazama samaki.

"Unauza?"

Jamani.

"Mama, amenasa."

"Naona. Shilingi ngapi?"

"Mchukue bure, mama, nitoe tu."

"Bure sitaki, kesho utasema nilikunyang'anya. Elfu tano."

"Elfu tano sawa."

"Nyumbani nina elfu tatu."

"Elfu tatu sawa, mama!"

Biashara ilipokamilika ndipo akatua kapu. "Haya, chutama."

"Eti?"

"Chutama, samaki arudi majini. Ukimweka juu anatapatapa."

Na ni kweli, wala mimi niliyetumia pesa kununua miwani sikuwa nimelifikiria. Samaki aliyening'inizwa hewani anajipigapiga kwa nguvu zake zote, na kila pigo linazamisha ncha. Ndani ya maji uzito wake unabebwa, anatulia. Nilichutama maji yakanifika kifuani, mzia akatulia, nikaanza kupumua. Nilipofumbua macho mama alikuwa ameshika kigingi.

"Mama, hicho ni cha..."

"Tulia. Nimezaa saba."

Pigo moja, katikati ya macho ya mzia. Nilihesabu viungo vyangu, vilitimia.

Wenzake walikuwa wameshafika, ukawa mkutano. Mmoja akashauri ndoana ichomolewe. Nikamwomba kwa heshima zote asijaribu: kile kijino cha nyuma ya ncha kikishapita kitambaa hakirudi kilikopita, ukivuta unaongeza tundu na unakaribia usipotaka. Ingekuwa imeingia mkononi, juujuu tu, ipo njia: unazungusha uzi imara kwenye kona ya ndoana, unabonyeza shina lake chini lilale kwenye ngozi, unavuta ghafla kurudi ilikoingilia. Karibu na jicho, au ikizama sana, hujaribu, unakwenda hospitali. Kwenye bukta ni kisu. Kisu cha mama cha kukatia tai-tai kilikuwa kidogo na kikali kuliko nilivyopenda. Alikata duara lenye upana wa kisosi. Zipu ilikuwa ndani ya duara.

Swahiba akafika wakati huohuo, akaliinua koleo, akauliza kama bado linahitajika.

Yaliyofuata mnayajua: gunia la sandarusi lenye maandishi ya SUKARI KILO 50, matembezi kutoka majini hadi barabarani, watoto wa chuo cha Kurani waliotusindikiza, video. Hadi magharibi shemeji ameiona, mwenye nyumba ameiona, na fundi wangu wa pikipiki amenitumia ujumbe wa sauti ambao ndani yake hakuna neno hata moja.

Usiku nimeng'oa ndoana zote za meno matatu nikaweka za ncha moja, moja tumboni na moja mkiani, zile ambazo tundu lake limegeuzwa ili ncha itazame mbele au nyuma badala ya ubavuni. Nimechukua zenye shina nene kidogo, ili uzito ulingane na zile za zamani na kisamaki kiogelee vilevile. Vijino nimevibana kwa koleo. Ndiyo, limerudi, na sasa kamba yake ina fundo ambalo hata mimi silifungui.

Asubuhi hii kijana wa yule mama ameleta elfu tatu zangu, taslimu, pamoja na salamu: mzia alikuwa mtamu, ila kama kesho naingia tena, basi nijitahidi aninase samaki changu, na nivae bukta ya zamani.