Kungumanga kwenye bendera

Agosti ya 2012 ilitukuta katikati ya Ramadhani. Baada ya tarawehe tulikuwa tukikusanyika kwa jamaa yetu mmoja pale Chake Chake, mwenye televisheni kubwa kuliko sote, na kwa vile ligi za Ulaya zilikuwa bado hazijaanza, tulitazama Olimpiki ya London kwa kukosa cha kutazama. Usiku wa tarehe 6, saa tano na nusu, wakajipanga vijana wanane wa mita 400. Hakukuwa na Mmarekani hata mmoja. Kijana mmoja mwenye mwendo mrefu na uso wa utulivu akawaacha wenziwe kwenye mita mia za mwisho kama waliokumbuka wamesahau kitu nyuma: sekunde 43.94. Jina lake Kirani James, umri miaka 19, nchi yake Grenada.

"Grenada si ipo Hispania?" akauliza mmoja wetu.

"Hiyo ni Granada," akajibiwa, na mabishano yakaanza.

Bamkubwa, aliyekuwa pembeni na tasbihi yake, akatukata: Grenada ndiyo ile iliyovamiwa na Reagan, rais wa Marekani, mwaka 1983, yeye aliisikia redioni. Kisha akainua macho, akaitazama ile bendera kwenye kioo, akasema, "Na hicho hapo kwenye pembe ni kungumanga."

Ni kungumanga kweli. Ganda limepasuka, kokwa inaonekana na basibasi yake nyekundu. Grenada, nchi ya visiwa kwenye bahari ya Karibiani, hujiita Kisiwa cha Viungo, kama sisi Wazanzibari tunavyojiita, na kungumanga wameipandisha hadi kwenye bendera ya taifa. Tangu usiku ule nimekuwa nikiifuatilia nchi hiyo kwa jicho la jirani, ingawa kati yetu pana bara zima na bahari nzima.

Kwanza ukubwa wake. Grenada yote, pamoja na visiwa vyake vidogo vya Carriacou na Petite Martinique, ni kilomita za mraba 344. Hiyo ni kama theluthi ya Pemba. Watu wake ni laki moja na ushei. Pemba peke yake ina zaidi ya laki tano. Nchi hiyo imeshapata medali tano za Olimpiki: dhahabu moja, fedha moja, shaba tatu. Tanzania yetu, yenye watu milioni 61.7 kwa sensa ya 2022, ina mbili, zote za fedha, zote za Moscow 1980: Filbert Bayi kwenye mita 3000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui kwenye mita 5000. Mimi nilikuwa sijazaliwa.

Najua hesabu za medali kwa idadi ya watu ni mchezo wa kitoto. Kila baada ya Olimpiki mtu huchora jedwali na kukisifu kisiwa fulani, na katika nchi ya watu laki moja mtu mmoja tu anatosha kulipindua jedwali zima. Kati ya zile medali tano za Grenada, tatu ni za Kirani peke yake. Sitaki kuzisoma kama muujiza. Ninachotaka kujua ni jambo moja dogo: yule mtoto alionekana vipi? Nani alimshikia saa mara ya kwanza, na baada ya kumshikia saa akampeleka wapi?

Maana historia yao si ya mteremko. Walipata uhuru 1974. Olimpiki yao ya kwanza ilikuwa Los Angeles, Julai 1984, miezi tisa tu baada ya wanajeshi wa Marekani kushuka kisiwani mwao. Hebu fikiria wale vijana wachache wakiingia uwanjani na bendera yao, ndani ya nchi iliyotoka kuwapiga, huku watu wakiwashangilia. Siku hizi mwanamichezo huulizwa atavaa viatu vya kampuni gani; sidhani kama wale waliulizwa hata hicho walichokuwa nacho moyoni. Tangu hapo wakashiriki Olimpiki saba mfululizo na kurudi mikono mitupu. Miaka 28.

Aliyekaribia zaidi ni Alleyne Francique, pia wa mita 400. Athens, Agosti 2004, alishika nafasi ya nne. Wiki mbili baadaye, Septemba 7, kimbunga Ivan kikapita juu ya kisiwa. Karibu nyumba tisa katika kila kumi ziliharibika. Mikungumanga, uti wa mgongo wa uchumi wao, ikalala chini kisiwa kizima, na mkungumanga, sisi wa mashambani tunajua, ukiupanda leo utakula matunda yake baada ya miaka saba au minane. Kirani alikuwa ametimiza miaka 12 siku sita kabla ya kimbunga hicho. Kwao ni Gouyave, mji wa wavuvi, ambako kila Ijumaa jioni watu hukaanga samaki barabarani na wageni huja kula, Forodhani yao hiyo.

Hapa wengi wetu tungesema basi, habari imeishia hapo. Nchi imefumuliwa, nani atakumbuka mbio za watoto? Lakini mtoto huyohuyo alipofika miaka 14 alikuwa anakimbia mita 400 chini ya sekunde 47, na mwaka 2009, mashindano ya dunia ya vijana Italia, alichukua dhahabu mbili, mita 200 na 400, jambo ambalo hapakuwa na kijana aliyewahi kulifanya.

Jibu langu, baada ya miaka ya kusoma na kudadisi, ni kalenda. Grenada wana mashindano ya shule za sekondari wanayoyaita Intercol. Yanafanyika kila mwaka, kabla ya Pasaka, na shule zinagombana kweli: rangi, nyimbo, wazazi jukwaani, wahitimu wa zamani wanaorudi kuzomeana. Baada ya hapo ni Pasaka, na Pasaka ni Carifta, mashindano ya vijana wa visiwa vyote vya Karibiani, yaliyoanza Barbados 1972. Usain Bolt alipita hapo. Kirani alipita hapo. Mwaka 2024 yalifanyika Grenada kwenyewe. Kwa hiyo mtoto wa Gouyave anajua Januari kwamba Machi ana mbio, na akishinda Machi, Aprili atakutana na Mjamaika. Hana haja ya kusubiri barua kutoka kwa mtu.

Na sasa nisimulie yangu, maana bila hayo nitaonekana najua tu ya wenzangu.

Nilikuwa darasa la sita, shule nisiyoitaja. Siku ya michezo mwalimu alitupanga mita 400 kwenye uwanja wa majani, mistari ya njia imechorwa kwa majivu. Tulikuwa wanane, na sote tulisimama mstari mmoja wa kuanzia, bega kwa bega, kama tunaosubiri daladala. Mimi nilikuwa njia ya nje kabisa. Firimbi ikalia, tukaenda peku. Nilikimbia mpaka nikaona nyota mchana, nikawa wa tatu. Miaka mingi baadaye, ndipo nilipogundua, nikiwa mbele ya televisheni, kwamba wakimbiaji wa mita 400 hawaanzi sambamba. Wa nje husogezwa mbele kwa sababu kona yake ni ndefu zaidi. Nilikaa nikipiga hesabu: mimi siku ile nilikimbia zaidi ya mita 440, na bado nikawa wa tatu.

Nilicheka, kisha nikanyamaza kidogo.

Mwalimu hakuwa na kosa. Alikuwa mwalimu wa jiografia aliyepewa firimbi. Kilichoniuma ni kilichofuata. Watatu wa mwanzo tuliandikwa majina kwenye daftari, tukaambiwa tutakwenda kushindana na shule nyengine wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi ujao. Nikawa nakimbia kila alfajiri kutoka nyumbani hadi barabara ya lami na kurudi, mama anadhani nimeingiwa na kitu. Mwezi ujao tukaambiwa gari haikupatikana. Halafu ikaja mitihani, na mitihani ikalifunga jambo. Lile daftari sijui liliishia wapi. Pengine lilifungiwa karanga.

Najua yapo UMITASHUMTA na UMISSETA huko bara, michezo ya shule za msingi na sekondari, na huku Visiwani tuna tamasha letu la Elimu Bila Malipo kila Septemba, na watoto wanakimbia. Siyadharau. Ila uliza mwanafunzi yeyote wa leo wa sekondari: mbio zako zijazo ni tarehe ngapi? Mwenye kandanda atakutajia hata mwamuzi. Mwenye riadha atakuangalia.

Tusiwapambe Grenada kupita kiasi, nako. Kiwanda kilichommalizia Kirani kiko Alabama, chuo kikuu cha Wamarekani. Anderson Peters, mrusha mkuki wao, alinolewa Mississippi. Lindon Victor, wa michezo kumi ya dekathloni, alinolewa Texas. Kisiwa kinaotesha mche, tajiri anaumwagilia. Wengine wanaliona hilo kama aibu, mimi siioni. Pale unapomleta kijana wa miaka 17 mwenye muda wake ulioandikwa rasmi, ulioshikwa kwa saa ya elektroniki kwenye Carifta, chuo cha Marekani kinampigia simu. Kijana mwenye jina kwenye daftari la karanga hapigiwi simu na mtu.

Viwanja navyo vina vituko vyake. Baada ya Ivan, Wachina waliwajengea Grenada uwanja mpya wa kriketi wa Queen's Park kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2007. Grenada ilikuwa imeuacha urafiki wa kibalozi na Taiwan, ambayo China huihesabu kuwa yake, miaka miwili nyuma na kuihamia Beijing. Siku ya kukabidhiwa uwanja, mabalozi wamekaa, bendi ya polisi ikapiga wimbo wa taifa wa Taiwan. Sisi ambao Amaan yetu ilijengwa na Wachina tangu 1970 tunaweza kulicheka hilo kwa raha, tukijua kwamba lingeweza kutupata.

Turudi kwa Kirani. Kabla ya London alikuwa ameshakuwa bingwa wa dunia, Daegu 2011, akimpita Mmarekani LaShawn Merritt kwa 0.03 ya sekunde. Itunze namba hiyo. Septemba 2025 Alphonce Simbu wetu aliwapa Watanzania dhahabu ya kwanza ya ubingwa wa dunia, marathoni ya Tokyo, kilomita 42 na ushei, na pengo kati yake na Mjerumani Amanal Petros lilikuwa 0.03 ilehile. 

Kitu ninachokipenda zaidi kuhusu Kirani hakimo kwenye medali. London, nusu fainali, alikimbia pamoja na Oscar Pistorius wa Afrika Kusini, aliyekimbilia miguu ya bandia. Hii ni kabla ya yaliyomfika Pistorius na kesi yake ya mauaji. Pistorius alishika mkia. Kirani, aliyeshinda, alimfuata, akamkumbatia, na wakabadilishana yale mabango ya majina ya kifuani. Mshindi akaondoka uwanjani na jina la aliyeshika mkia.

Rio 2016 alikimbia 43.76, muda ambao ungempa dhahabu London, na akapata fedha, kwa sababu Wayde van Niekerk wa Afrika Kusini alivunja rekodi ya dunia akiwa njia ya nane, kule nje nilikokuwa mimi, ila yeye alisogezwa mbele kama inavyotakiwa. Kisha Kirani akaugua maradhi ya Graves, yale ya tezi ya shingo, wengi wakamzika kimichezo. Tokyo 2021 akarudi na shaba. Dhahabu, fedha, shaba za umbali mmoja.

Na Paris 2024. Julai mosi kimbunga Beryl kilipiga Carriacou na kuisawazisha. Wiki nne hazikutimia, Olimpiki ikafunguliwa. Agosti 3 Lindon Victor akapata shaba ya dekathloni kwa pointi 8711. Siku tano baadaye ilikuwa fainali ya mkuki, na huku Chake tulikuwa tena kwenye televisheni, safari hii kwa ajili ya Julius Yego. Yego ni wetu sote, Mkenya aliyejifunza kurusha kwa kutazama video za intaneti, na sisi tulioangusha maembe kwa mawe utoto mzima tuna hisa kwenye mkuki. Akarusha 87.72. Wa tano. Aliyechukua shaba alimzidi kwa sentimita 82: Anderson Peters, Grenada.

"Kungumanga tena," akasema mtu barazani, kwa sauti ya Bamkubwa, ambaye tulikuwa tumeshamzika. Tukacheka, tukamrehemu.

Mwezi uliopita mpwa wangu wa miaka 12 alikuja kulala kwangu. Alfajiri nikasikia mlango. Nilipomuuliza alikokuwa, akasema alikwenda mbio mpaka lami na kurudi, mwalimu amewaandika majina. Nikampigia simu mwalimu wake, kijana mstaarabu, nikamuuliza mashindano ni tarehe ngapi.

"Bado, mjomba," akanijibu. "Tutatangaziwa."