Kabla ya kokoto, yapatieni maji njia yake

Anayejenga kijijini Pemba mara nyingi hujenga kilimani, maana kisiwa chenyewe ni vilima na mabonde tangu Mkoani hadi Konde. Nyumba huisha, bati likang'ara, kuta zikapakwa rangi. Njia ya gari ya kupandia mpaka uwanjani huja mwisho kabisa: inaletwa gari ya kifusi, inafuata ya kokoto, vijana wanatandaza kwa chepe, kazi imekwisha. Inapendeza mpaka masika. Ikifika Mei, kokoto ziko chini barabarani na katikati ya njia pamekatika korongo. Mwenye nyumba anajikusanya, ananunua kokoto nyengine, anamwaga palepale.

Hili linaniuma. Kokoto nyingi za kwetu zinapondwa kwa nyundo, jiwe kwa jiwe, na kina mama wanaoshinda juani. Haifai kazi yao ikaliwa na mvua za msimu mmoja kwa sababu tu hakuna aliyeuliza maji yatapita wapi.

Tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50, na masika mvua hiyo si ngeni, linamwaga lita 5,000. Kama hakuna milizamu, lita zote hizo zinaangukia uwanjani, na uwanja unazipeleka kwenye njia ya gari, kwa kuwa hapo hapana jani wala mzizi na tairi zimekwishapashindilia. Yanapoteremka, maji yanakusanyika na kuongeza kasi, na kila kasi inapopanda kidogo, nguvu ya kuchukua mawe inapanda sana. Ndiyo maana njia ileile utaikuta nzima kule juu na imechimbika vibaya huku chini.

Kwa hiyo kazi ianzie kwenye paa. Fungeni milizamu, maji yaingie kwenye tangi, na yanayofurika yaelekezwe kwenye migomba. Kwa rai yangu, fedha inayowekwa hapo inailinda njia kuliko gari nzima ya kokoto, na juu ya hayo mna maji ya kufulia.

Baada ya hapo ndiyo tuje kwenye njia yenyewe. Isitandazwe bapa. Ipewe mgongo: kwa upana wa mita tatu, katikati pawe juu ya kingo kwa sentimita sita hivi, ili mvua ikimbilie pembeni kabla haijapata nafasi ya kuteremka na njia. Mpimaji anahitaji uzi na pima maji tu, lakini hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Kwenye mteremko mkali, wekeni na matuta mafupi yaliyokingama kwa mshazari, gari iweze kuyapita polepole, kila moja likiyatoa maji nje ya njia. Panapozidi ukali, matuta yakaribiane zaidi. Kokoto nazo ziwe za kupondwa, zenye pembe, zikiwa na vumbi lake, maana hizo hushikana zikishindiliwa. Za mviringo hubiringika tu. Pale penye udongo mzito, tangulizeni mawe makubwa chini, la sivyo kokoto zitazama kwenye tope.

Wapo wanaosema, mwaga zege chini mpaka juu, umalize. Siafiki. Zege halinyonyi tone, na maji yanafika chini kwa kasi zaidi kuliko mwanzo. Pale penye mteremko mkali kabisa panatosha michirizi miwili ya zege ya kupitia tairi, katikati pakaachwa ukoka.

Sasa nifike kwenye lile ambalo mafundi wengi hawaligusi: maji tuliyoyatoa njiani yanakwenda wapi? Huko Makunduchi au Paje, kisiwani Unguja, kwenye maweni (ardhi ya mawe ya matumbawe), ardhi ina nyufa na mashimo, maji yanapotea haraka. Vilima vyetu vingi vina udongo mzito, na shimo la kunyonyea linajaa mvua ya kwanza tu likafurika. Chini ya kilima yupo mtu. Mara nyingi ni bonde la mpunga la jirani, na tope na kokoto zetu zikishuka zinamfukia miche aliyoipanda kwa mgongo uliopinda. Mtu huyo hakualikwa wakati nyumba inajengwa, wala hana gari ya kupita kwenye njia hiyo. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa hapana kudhuru wala kudhuriana, nami sioni jinsi mtaro unaomwagia jirani utakavyotoka nje ya maneno hayo.

Mtaro basi usimalizikie mpakani. Uishie ndani ya kiwanja chetu, mahali papana, pamepangwa mawe ya kuyavunja maji nguvu, na mbele yake mistari ya mchaichai iliyokingama mteremko. Mchaichai unashika udongo kwa mizizi, unachuja tope, na majani yake yanakwenda kwenye chai. Ndani ya mtaro wenyewe pangeni vizingiti vifupi vya mawe, maji yashuke kwa ngazi badala ya kuporomoka. Kila baada ya mvua kubwa, mtu apite na jembe azoe mchanga uliojaa nyuma ya vizingiti, aurudishe njiani.

Wakati mzuri wa kazi hii ni kipupwe, masika yakishaondoka. Udongo bado una unyevu na unashindilika, na mchaichai unapata muda wa kushika kabla ya vuli kuingia Oktoba. Lakini kabla jembe halijagusa ardhi, teremkeni kwanza mkaonane na mwenye bonde, mumuulize masika yaliyopita maji yalimpitia wapi. Yeye anajua kuliko fundi.