Mama Fua Si Mvivu, Kigasha Chake Ndicho Kimechoka

Jumapili nilimkuta shangazi yangu, huko Nyalenda, Kisumu, akinywa chai kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa kwenye kifundo, na dawa ya kuchua inanuka chumba kizima. Amefua nguo za watu Milimani miaka mingi. Wiki hiyo mwajiri wake alimwona akishindwa kukamua blanketi, akamwambia ameanza uvivu. Uvivu! Mwanamke aliyesomesha watoto wanne kwa karai na sabuni ya kipande!

"Hebu lete mkono, shangazi." Nikabonyeza kigasha, yaani mkono kati ya kiwiko na kifundo, vidole viwili chini ya kiwiko, upande wa nje. Akaruka. "Yawa! Hapo hapo. Inashuka mpaka kidole cha kati."

Hili ndilo linaloniuma: tunapaka dawa panapouma, tunaacha panapoumia. Ndani ya vidole hamna misuli ya kuvikunja. Nguvu nyingi hutoka kwenye kigasha, ikavutwa na kano ndefu zinazopita kwenye kifundo. Misuli ya kukunja imeshika zaidi mfupa wa ndani wa kiwiko. Ya kunyoosha, ule wa nje. Na ukikamua blanketi, ya kunyoosha hailali. Hukaza ili kifundo kisikunjike, la sivyo mshiko unalegea. Hivyo anayekamua kutwa huchosha pande zote mbili. Msuli ukichoka hivyo hufanya fundo gumu, na maumivu yake husikika mbali. Daktari Janet Travell, aliyemtibu Rais Kennedy wa Marekani, na mwenzake David Simons walichora ramani za maumivu hayo katika kitabu cha 1983. Haya, wataalamu bado wanabishana fundo lenyewe ni nini hasa. Shangazi hakubishana, aliruka.

Ganzi ya kidole gumba na vidole viwili vinavyofuata, hasa usiku, ni habari nyingine. Huenda ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo, nenda hospitali.

Shangazi nimemwonyesha kubonyeza fundo taratibu kwa kidole gumba, kunyoosha mkono na kuukunja kifundo chini, na kupokezana blanketi na nguo nyepesi. Lakini blanketi lenyewe halina haja ya kukamuliwa. Lizungushe kwenye bomba ulisokote kwa uzito wa mwili, au lianikwe likichuruzika; jua la Kisumu litalikausha. Kwa mwajiri nina ombi moja: mpe wiki mbili za nguo nyepesi, bila kumkata hata shilingi.