Miaka 4 ya Sare, Miaka 31 ya Gudini

Jumamosi iliyopita tumemzika mzee mmoja niliyemtunza kwa miaka miwili, na tangu siku hiyo kuna jambo limenikaa kooni, halishuki wala halitoki.

Wasifu wake ulichapishwa kwenye karatasi ya ibada. Nimeusoma mara nne. Aya ndefu kabisa inahusu miaka 4 aliyotumikia Jeshi la Wanamaji la Marekani, kuanzia 1967 hadi 1971: manowari aliyopanda, bahari alizovuka, nishani alizorudi nazo. Kisha ikafuata sentensi moja: “Baadaye alifanya kazi kwenye yadi ya meli hadi alipostaafu.” Basi. Miaka 31 imemalizwa hapo, na neno lililoibeba ni “baadaye”.

Makaburini walikuja mabaharia wawili wa sare. Tarumbeta ikalia. Bendera ikakunjwa mara 13 mpaka ikawa pembetatu ya bluu yenye nyota, akakabidhiwa binti yake kwa niaba ya Rais, Jeshi la Wanamaji na taifa lenye shukrani. Nililia kama mtoto. Sitaki mtu anielewe vibaya: heshima ile aliistahili. Alikuwa kijana wa miaka 19 anayeshinda kwenye chumba cha boila chenye joto la kuunguza, kule chini ndani ya meli ambako ukitokea mlipuko hutoki. Mpeni bendera yake. Lakini safu ya nyuma kanisani walikaa wazee wawili wenye vidole vilivyokakamaa, wenzake wa gudini, pale meli zinapotengenezwa, na hakuna aliyewaita wasimame waseme neno. Hilo ndilo linaloniuma.

Maana mimi nilikaa naye. Wengi wetu tulioko huku Marekani tunaijua kazi ya kutunza wazee: unamwogesha mtu, unamlisha, unampa dawa, na katikati ya hayo unasikiliza maisha yake yote. Nilimwita Mzee. Siku ya kwanza aliniuliza maana yake, nikamweleza, na tangu hapo akiniona mlangoni anajitangaza mwenyewe, “Mzee yupo.” Jeshi alikuwa analitaja nikimuuliza. Yadi aliizungumzia bila kuulizwa.

Alikuwa fundi bomba. Si wa sinki na choo, ingawa nao ninawaheshimu. Alifunga mabomba ya maji ya bahari ndani ya nyambizi. Baada ya jeshi aliingia uanagenzi, miaka 4 mingine ya kusoma nusu na kushika chuma nusu, chini ya fundi mkuu ambaye hakumsifu hata mara moja. Siku moja alichukua kikombe chake cha chai, akapitisha kidole taratibu kuzunguka mdomo wa kikombe. “Fedha lazima itokeze hapa,” akasema, “mzunguko mzima. Ikikosekana upana wa ukucha, unaanza upya.” Alikuwa ananifundisha kulehemu bomba kwa fedha. Ndani ya kiungio kuna pete ya lehemu. Unapasha moto pande zote sawasawa, pete inayeyuka, inatambaa kwenye uwazi mwembamba kama unywele, mpaka mstari unaong’aa utokeze ukingoni. Moto ukizidi upande mmoja, dawa inayoisaidia lehemu kushika inaungua. Ukipungua, lehemu haishiki. Na mara nyingi bomba lenyewe limejificha nyuma ya mabomba mengine, kwa hiyo unalala ubavu, mkono mmoja una moto, mwingine una kioo kidogo kama cha daktari wa meno, na kazi yote unaiona kinyume ndani ya kioo.

“Tena ukiuona huo mstari,” akaniambia, “bado hujui kitu.”

Hapo ndipo aliponisimulia Thresher. Sura yake ilibadilika, kama mtu anayetaja msiba wa kwao.

Tarehe 10 Aprili 1963 nyambizi USS Thresher, iliyojengwa kwenye yadi ya Portsmouth kule Kittery, jimbo la Maine, ilikuwa inajaribiwa kuzama kina kirefu mashariki ya rasi ya Cape Cod. Haikurudi. Walikufa watu 129, na 17 kati yao walikuwa raia, wakiwemo watu wa yadi hiyohiyo iliyoijenga. Wachunguzi walihitimisha kuwa yaelekea kiungio cha bomba la maji ya bahari kiliachia. Maji yakaruka kwenye mitambo ya umeme, kinu cha nyuklia kikazimika, na hewa iliyotakiwa kusukuma maji nje ya matangi ili nyambizi ielee ikakwama kwa sababu unyevu uligeuka barafu ndani ya mabomba yake. Kina walichokuwa wanakijaribu ni kama mita 400. Huko kila sentimita moja ya mraba ya bomba inabeba uzito wa kilo 40 hivi.

Na hili ndilo alilotaka nilishike. Kabla ya safari ile, viungio 145 vya fedha vilikuwa vimepimwa kwa mawimbi ya sauti, na asilimia 14 vikaonekana havijafikia kiwango. Vingine vingi havikupimwa kwa njia hiyo. Hata hivyo vilivyoshindwa, kwa macho vilikuwa vizuri. Mstari wa fedha ulionekana ukingoni, lakini ndani lehemu haikuwa imeshika.

Ndiyo maana mwaka huohuo wa 1963 Jeshi la Wanamaji likaanzisha mpango wa SUBSAFE. Kila kitu kinachozuia maji ya bahari kuingia ndani ya nyambizi kikaanza kufuatiliwa: chuma kimetoka wapi, nani amekifunga, nani amekipima, na kila mmoja aweke sahihi yake. Kati ya 1915 na 1963 Marekani ilipoteza nyambizi 16 kwa ajali zisizo za vita. Tangu hapo imepotea moja tu, USS Scorpion mwaka 1968, ikiwa na watu 99, na hiyo haikuwa na cheti cha mpango huo. Yenye cheti haijapotea hata moja.

Sasa niambieni. Hizo nyambizi zote zilizotoka na kurudi kwa zaidi ya miaka 60, nani amezirudisha? Nahodha, ndiyo. Mabaharia, ndiyo. Na pia mtu aliyelala ubavu usiku wa manane akiwa na kioo mkononi, akaona kazi yake haijamridhisha, akaivunja na kuanza upya ilhali angeweza kunyamaza aende nyumbani. Mzee alifanya hivyo miaka 31. Alinisimulia usiku mmoja alipomwambia msimamizi wake kuwa kiungio alichokwisha kukiwekea sahihi hakimpi usingizi. Meli ilikuwa imechelewa, kila mtu ana haraka. Walikifungua. Kilikuwa kizima. Hakujuta, na msimamizi hakumgombeza. Mabaharia waliolala kwenye vitanda vyao ndani ya nyambizi ile hawajawahi kujua kuwa kuna mtu alikosa usingizi kwa ajili yao.

Kwa nini hilo halikusomwa kanisani?

Tumezoea kuona ushujaa pale penye bunduki na sare. Kazi ya fundi inahesabiwa kuwa ni riziki, mtu alikuwa anatafuta mkate. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba yadi ilimlipa, ilimpa pensheni, ilimsomeshea watoto wawili. Lakini jeshi nalo lilimlipa mshahara, na hakuna aliyesimama kusema miaka ile 4 alikuwa anatafuta mkate tu.

Tena kama ni suala la kujitoa mhanga, yadi ilichukua mwili wake kuliko jeshi. Manowari za enzi zake zilivishwa asbesto, madini ya nyuzinyuzi ya kuzuia joto, kila mahali penye moto: boila, mabomba ya mvuke, vali. Aliivuta baharini, akaivuta gudini alipokuwa anabomoa mavazi ya mabomba makuukuu ili afikie anachotengeneza. Vumbi lilikuwa linaelea kama unga kwenye mwanga wa taa, na wao wanakula chakula chao cha mchana mlemle. Tangu miaka ya 1960 daktari Irving Selikoff alikuwa ameshaonyesha jinsi asbesto inavyowaua mafundi wanaoishika. Ugonjwa wake una subira ya kutisha, unaweza kungoja miaka 20, 30, 40. Wapo wake za mafundi waliougua kwa kufua tu nguo za kazi. Mzee wangu alimaliza siku zake na mrija wa oksijeni puani, na ngazi tatu za barazani zilimchosha kama mlima. Wasifu ukaandika “baada ya kuugua kwa muda mrefu”.

Na mjukuu wake wa miaka 17 alikuwepo. Alikaa safu ya mbele, alisikia yote. Leo yadi za Marekani zinahangaika kupata vijana wa kuchomelea na kufunga mabomba, na kijana mwenye damu ya fundi wa namna ile ametoka kanisani akijua kuwa babu yake aliishi miaka 4.

Baada ya mazishi nilimfuata nikamkalisha barazani, kwenye kiti cha babu yake. Nikachukua kikombe. Nikapitisha kidole kuzunguka mdomo wake kama nilivyofundishwa, nikamwambia fedha lazima itokeze hapa, mzunguko mzima. Akaniuliza, “Na isipotokeza?” Wale wazee wawili walikuwa wanashuka ngazi waende zao. Nikawaita warudi, nikawavutia viti.