Siku Tatu za Kuwa Mtu Mwema

Jamani mi nimechoka kuwa mwema, na nimeanza juzijuzi tu. Jumatatu asubuhi ndo nilianza rasmi, Jumatano jioni nikawa nimekwisha kabisa, magoti yanauma, mke wangu ananiangalia na lile jicho la "haya, endelea", na kuna suruali yangu imerudishwa nyumbani na mtu niliyempa bure. Ngoja nieleze taratibu maana nikieleza kwa hasira nitaonekana mtu mbaya, na mimi si mbaya, mi ni mtu wa kawaida tu aliyeingia ibadani Jumapili bila kujihami.

Mahubiri yalikuwa ya Msamaria Mwema, Luka 10. Mnaijua. Jamaa anashuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, majambazi wanamvua nguo, wanampiga, wanamwacha nusu mfu, kuhani anapita upande wa pili, Mlawi anapita upande wa pili, halafu anakuja Msamaria ambaye hakuna aliyemtegemea, anamfunga majeraha, anampandisha kwenye mnyama wake, anampeleka nyumba ya wageni na anamwachia mwenye nyumba dinari mbili. Mchungaji akauliza "wewe ni nani katika hadithi hii?" akanyamaza. Kanisa zima kimya, kila mtu kakunja uso wa Usamaria. Mi kusema kweli nilijiona yule mnyama, maana ndo alobeba mzigo wenyewe na hakuna anayemtaja, lakini hiyo si ndo jibu lililokuwa linatakiwa, kwa hiyo nikatoka pale nimeapa kwamba wiki hii nitakuwa mwema hadi watu waulize kulikoni.

Jumatatu kwenye basi. Kaingia bibi mmoja, kashika nguzo, begi mkononi, nami nimekaa. Nikasubiri kidogo nione kama kuna mwingine mwenye mpango (hili mlikumbuke, tutalirudia). Hakuna. Nikainuka kwa heshima zote, "Bibi, karibu ukae." Bibi akanitazama, akanitazama tena kuanzia viatu kwenda juu, akasema kwa sauti ya huruma kabisa, "Kaa tu mwanangu, wewe ndo unaonekana umechoka." Basi zima likacheka, hata dereva nadhani alicheka maana tulipita kituo. Sasa nimeshainuka, siwezi kukaa tena maana nitakuwa nimekubali kwamba nimechoka, bibi naye hakai, kiti kikabaki kitupu katikati yetu kama kimetengwa kwa ajili ya kiongozi, hadi kijana mmoja mwenye vitu masikioni akaja akakaa zake wala hakujua kilichotokea. Tukasafiri hivyo. Mimi na bibi wima.

Nikasema haya ni majaribu, tuendelee. Siku hiyohiyo nipo kwenye foleni, moja ya zile foleni ambazo dirisha ni moja na anayehudumia ana mambo yake, nyuma yangu kuna mama anahema, ana karatasi moja tu, ananiambia kaka naomba nitangulie nina dakika moja. Mtu mwema afanyeje? Nikampisha. Kumbe yule mama hakuwa mtu mmoja, alikuwa ni ukoo. Kafika mbele yangu tu wakatokea wengine wanne sijui walikuwa wamejificha wapi, "tuko pamoja", "tuko pamoja", kila mmoja na karatasi yake moja. Nyuma yangu watu wakaanza kunong'ona kisha wakaacha kunong'ona, mzee mmoja akaniambia wazi, "Kijana, hisani ukitaka kufanya fanya na nafasi yako, ukishampisha nenda wewe ukasimame mwisho, sisi umetuomba ruhusa?" Nilitaka kumjibu nikakosa. Mzee alikuwa sahihi kwa asilimia mia na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nimekuwa nikigawa muda wa watu kumi na tano huku natabasamu mimi.

Jumanne nikabadilisha mkakati. Nikasema labda wema wa hadharani si fani yangu, ngoja nishike lile la kuishi maisha rahisi, maana hilo unafanyia ndani kwako, hakuna foleni. Kuna Mgiriki wa zamani anaitwa Diogenes, wanasimulia kwamba mali yake ilikuwa kama vile haipo, ana kikombe, siku moja akamwona mtoto anakunywa maji kwa viganja, akakitupa kikombe, akasema mtoto kanishinda kwa kuishi na kidogo. Nikavuta droo ya sebuleni nione mi nina nini cha kutupa. Nina chaja saba. Saba! Hakuna hata moja inayojaza simu niliyonayo. Nina rimoti ya televisheni ambayo tuliiuza na televisheni ikaenda bila rimoti, ndo maana yule jamaa alikuwa anapiga simu sana kipindi kile. Nina funguo kumi na moja za makufuli nisiyoyajua. Na nikajaribu kutupa, nawaapia, nilishika chaja moja nikaipeleka hadi kwenye pipa la taka, mkono ukagoma, kichwani sauti inasema "je ikitokea?" Ikitokea nini? Simu ya mwaka ule ifufuke? Nikairudisha. Diogenes alikuwa na kikombe kimoja ndo maana ilikuwa rahisi, angekuwa na droo tungekuwa na historia nyingine.

Na kuna jambo linaniuma kwenye haya mambo ya maisha rahisi. José Mujica wa Uruguay, alikuwa rais 2010 hadi 2015, alikataa kuhamia ikulu, akabaki kwenye kashamba kake, akawa anaendesha Volkswagen ya kobe ya mwaka 1987, sehemu kubwa ya mshahara wake alikuwa anaitoa sadaka. Dunia nzima ilimwandika, na alistahili, simpingi hata kidogo. Lakini mimi hapa siishi ikulu miaka yote hii, hiyo gari ya kobe sina, na mshahara unatolewa sehemu kubwa kabla sijauona. Hakuna mwandishi wa habari aliyewahi kugonga mlango wangu. Wanasema tofauti ni kwamba yeye alichagua. Sawa bana.

Basi nikahamia kwenye nguo. Nikajaza mfuko mzima, mashati, suruali, koti moja, nikampelekea jamaa mmoja anayefanya vibarua mtaani kwetu, nikampa kwa mikono miwili na maneno mazuri, akashukuru sana. Jioni hodi. Ni yeye. Kaishika suruali moja mbele yake kama ushahidi mahakamani, kwa adabu zote anasema, "Bosi samahani, hii zipu haifungi, nikafikiri labda ulinipa kwa bahati mbaya." Mke wangu alikuwa nyuma yangu. Akasubiri mgeni aondoke, akaniambia, "Hujagawa nguo wewe, umehamisha takataka." Nikamwambia shukrani ya punda ni mateke. Akaniuliza, "Punda ni nani hapo?" Sikujibu. Lakini usiku nililala nikiifikiria ile zipu, maana nilikuwa naijua. Naijua miaka miwili ile zipu. Ndo sababu nilikuwa siivai.

Jumatano sasa, ndo siku yenyewe.

Nilikuwa na kikao cha kamati, saa kumi kamili. Ni kamati ya kusaidia wasiojiweza, mi ni mjumbe, si kwamba nafanya mengi ila jina langu lipo. Nimechelewa kutoka, natembea kwa ile mwendo ya nusu kukimbia, nakata kona karibu na kwangu namkuta mtu kaanguka na baiskeli. Hajaumia sana, kakaa chini anashika kiwiko, lakini alikuwa kabeba boksi la misumari na boksi limepasuka, misumari imetapakaa njia nzima, ile mirefu na ile midogo ya mabati, inang'aa kwenye jua. Akanitazama. Mi nikatazama saa. Nikamwambia "Pole sana kaka!" kwa hisia zote, sauti ya kutoka moyoni kabisa, na miguu haikusimama. Nikaruka msumari, nikaruka wa pili, nikapita. Nawahi kusaidia wasiojiweza.

Kikao kilianza saa kumi na dakika hamsini. Mwenyekiti alichelewa.

Tumekaa tunamsubiri, kimya kimekuwa kirefu, nikaona niwape wenzangu hadithi ya kuchangamsha, nikaanza, "Yaani leo njiani kuna jamaa kamwaga misumari..." Katibu akadakia, "Yule wa baiskeli? Hata mimi nimemwona!" Mama mweka hazina akasema naye kampita, akamwonea huruma sana. Tulikuwa wajumbe saba. Watano tulipita njia ile. Watano wote tulimpa pole. Na kila mmoja wetu, nisikilizeni, kila mmoja alisema "nikajua tu kuna mtu atamsaidia". Halafu tukatazamana, halafu mtu akasema tuanze na sala.

Jana nimemsimulia mpwa wangu anayesoma saikolojia, nilitegemea atanipa pole, akacheka hadi akakaa. Akanambia mjomba nyie mmeshaandikwa zamani. Kuna utafiti wa 1973, Darley na Batson, walifanya Marekani kule Princeton kwa wanafunzi wa chuo cha dini, watu wanaosomea kuhubiri. Wakawaambia nendeni jengo lile mkatoe hotuba fupi, na nusu yao hotuba yenyewe ilikuwa ni hiyohiyo ya Msamaria Mwema. Njiani wakawawekea mtu kajikunyata mlangoni anakohoa na kugumia. Wale walioambiwa una muda wa kutosha, 63 katika 100 walisimama kumsaidia. Walioambiwa umechelewa kimbia, 10 katika 100. Kumi! Na kuwa na hotuba ya Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana, kuna waliomruka kabisa yule mgonjwa wakiwahi kwenda kusimulia habari za Msamaria. Mi nikanyamaza, nikafikiria miguu yangu ilivyokuwa inaruka misumari. Ule msemo wa haraka haraka haina baraka nilidhani siku zote unahusu mtu kujikwaa.

Na ile ya "kuna mtu atamsaidia" nayo ina utafiti wake, 1968, huyohuyo Darley na mwenzake Latané. Watu wako vyumba tofauti wanaongea kwa spika, mmoja anaanza kusikika kama kapatwa na kifafa. Aliyedhani yuko peke yake ndo anasikia, 85 katika 100 waliwahi kutoa taarifa kabla mgonjwa hajamaliza. Aliyedhani kuna wengine wanne wanasikia, 31. Nikamwambia mpwa wangu hilo hata halihitaji chuo, aje aangalie grupu letu la WhatsApp la ukoo. Juzi kumetangazwa mgonjwa anahitaji mchango. Pole zikaja thelathini na nane, mikono ya kusali sijui mingapi, "Mungu ni mwema" nimehesabu tisa, shangazi katuma sauti ya dakika nne ya maombi. Michango miwili. Mmoja wa huyo aliyetangaza.

Narudi kwenye kikao. Kimeisha giza linaanza, tumeazimia kukutana tena, narudi nyumbani njia ileile. Yule mtu wa baiskeli hayupo. Lakini pale njiani yupo jirani yangu, mzee wa nyumba ya pili, huyu ambaye mimi na yeye tuna kesi ya redio yake alfajiri na hatujaongea vizuri muda mrefu tu. Kachuchumaa. Ana tochi ya simu mkono mmoja na kopo mkono wa pili, anaokota misumari. Msumari mmoja mmoja. Anauokota, anaupangusa mchanga kwa kidole gumba, anauweka koponi, tak. Anasogea nusu hatua. Tak. Nikamuuliza mzee unafanyaje, akasema mwenye misumari kaokota aliyoweza kaondoka, ila hii midogo imebaki kwenye mchanga na asubuhi watoto wanapita hapa, wengine peku. Akasema kwake yeye kuondoa udhi njiani ni sadaka, Mtume kasema hivyo, wala haihitaji uwe na kitu mfukoni. Tak.

Niseme ukweli wa aibu. Kitu cha kwanza mkono wangu ulichofanya ni kutoa simu nimpige picha. Nilishaona na maneno ya kuweka stetasi. Halafu nikakumbuka Mathayo 6, ile ya usipige baragumu mbele yako ukitoa sadaka na mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia, nikabaki nimeshika simu hewani kama mtu anayetafuta mtandao. Nikaigeuza ikawa tochi. Nikachuchumaa.

Nisikilizeni, kuokota misumari midogo kwenye mchanga usiku si kazi ya mchezo. Magoti yalilia, vidole vikachomeka, na kila ukidhani imeisha unageuza tochi upande kidogo inang'aa mingine. Tulikaa pale kama nusu saa hivi, hatuongei sana, tak, tak, nikaanza kujisikia vizuri bana, nikasema kimoyomoyo haya ndo mambo, wiki haijaenda bure.

Mzee akasema bila kuinua kichwa, "Si ulipita hapa na wewe ile saa kumi? Nilikuwa dirishani."

"Nilipita mzee."

"Ulikuwa unaruka."

"Nilikuwa nawahi kikao."

Tak.

"Kikao cha nini?"

Nikamwambia aisogeze hiyo tochi huku, kuna mmoja nimeuona.