Mswada ukishasomwa jina tu, nani huamua uende wapi?

Karani wa Bunge husimama, husoma jina la mswada, kisha huketi. Basi. Kwa kanuni za Bunge la Kitaifa la Kenya, mswada umeshasomwa mara ya kwanza, na papo hapo, bila kura wala mjadala, umekabidhiwa kamati inayohusika. Juni 25, 2024, Nairobi ilikuwa ama barabarani ikiandamana ama kwenye simu ikifuatilia hesabu ya Mswada wa Fedha, ule wa kodi za mwaka: wabunge 195 waliunga mkono, 106 wakapinga. Mwezi mmoja na kitu kabla ya hapo, mswada huohuo uliposomwa mara ya kwanza, hakuna aliyepiga hata mbinja.

Naona tumezoea kukodolea macho mwisho wa safari. Kura ya mwisho huvuma kwa sababu ina mshindi na mshinde, lakini kwa miswada mingi maamuzi mazito huwa yameshapita. Uchapishwe au usichapishwe? Ni mswada wa pesa, yaani unaogusa kodi au matumizi ya hazina ya umma, au si wa pesa? Unahusu kaunti au hauhusu? Uende kwa kamati gani, na kwa muda gani? Majibu hutolewa na watu wachache, hasa Spika na maafisa wa karani, na mengi yao hutolewa kwa barua za ndani. Hapo ndipo wanaofuatilia mambo ya Bunge, kuanzia mawakili wa Upper Hill hadi wazungumzaji wa bustani ya Jeevanjee, hugawanyika: kuna wanaoona mpango huu unaliokoa Bunge lisizame kwenye makaratasi, na kuna wanaoona unazima sauti kabla hazijasikika.

Kwanza tuelewane kwamba miswada haipitii njia moja. Mswada wa serikali hutoka Baraza la Mawaziri ukiwa umeandikwa na wataalamu wa afisi ya Mwanasheria Mkuu, na kwa kawaida Kiongozi wa Wengi, yaani kinara wa wabunge wa upande wenye wingi, ndiye huuwasilisha. Hauombi ruhusa kwa mtu. Mbunge wa kawaida yeye huanza na pendekezo tu. Hulipeleka kwa Spika, afisi ya karani hulisuka kisheria, kisha kamati hulichunguza hata kabla halijachapishwa. Likigusa hazina ya umma, kuna kizingiti kingine: Kamati ya Bajeti. Kifungu cha 114 cha Katiba kinasema kwamba jambo likiwa la pesa kwa maoni ya Spika, Bunge la Kitaifa haliwezi kuendelea nalo ila kwa pendekezo la kamati inayohusika, nayo kamati izingatie maoni ya Waziri wa Fedha.

Kizingiti hicho kina sababu, na si sababu ya kubeza. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 mbali na Spika. Kila mmoja wao aliomba kura kwa ahadi, na ahadi nyingi zina bei: hazina mpya, mamlaka mpya yenye bodi na mkurugenzi, msamaha wa kodi kwa zao la kwao. Ahadi zote hizo zikiingia ukumbini kama miswada iliyochapishwa, Waziri wa Fedha ataamka na bajeti nyingine kila Jumatano. Isitoshe, pendekezo lililochunguzwa mapema huokolewa na aibu: mara nyingine huwa linarudia sheria iliyopo, au linagongana na Katiba waziwazi. Afadhali mbunge aambiwe hayo na wanasheria wa Bunge kuliko kuambiwa na jaji.

Hadi hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na namna pendekezo linavyokufa. Mswada uliokataliwa ukumbini una kumbukumbu: kila neno limo kwenye Hansard, yaani taarifa rasmi ya mijadala, na hesabu ya kura imewekwa wazi. Pendekezo lililokwama kabla ya kuchapishwa halina kitu cha namna hiyo ambacho mwananchi wa kawaida atakifikia kwa urahisi. Mbunge atawaambia watu wake kwamba “liko Bungeni”, na hatakuwa amedanganya. Linaweza kubaki “Bungeni” mpaka muhula uishe.

Maseneta, wa lile Bunge la pili linalowakilisha kaunti, ndio wanaolalamika zaidi, na wana haki yao. Miswada ya pesa huanzia Bunge la Kitaifa pekee. Kwa hiyo mswada wa Seneti ukivuka na kuonekana una harufu ya pesa, unaweza kufia mlangoni hata kama maseneta waliupigia kura kwa wingi. Na ni sheria gani ya maana isiyogharimu hata shilingi? Ukiajiri afisa mmoja, umetumia pesa. Upande wa pili una jibu: Katiba iligawa kazi makusudi, ili mfuko wa taifa usiwe na funguo mbili. Ni jibu zuri mpaka ukumbuke kwamba anayeamua kama kuna pesa au hakuna ni Spika wa Bunge moja kati ya mawili yanayogombana.

Kuna uamuzi mwingine ambao Katiba haikumwachia Spika mmoja. Kifungu cha 110 kinataka Maspika wote wawili waamue kwa pamoja, kabla mswada haujaanza kushughulikiwa, kama unahusu kaunti. Kifungu hiki kimezaa kesi tangu Seneti hii ya sasa izaliwe. Mwaka 2013, kuhusu mgawo wa mapato, Mahakama ya Juu ilitoa ushauri kwamba Seneti ilipaswa kushirikishwa. Oktoba 29, 2020, majaji watatu wa Mahakama Kuu wakabatilisha sheria 23 zilizopitishwa na Bunge la Kitaifa bila Seneti, wakasitisha makali ya uamuzi huo kwa miezi tisa. Miongoni mwake ilikuwamo Sheria ya Fedha ya 2018. Kesi ikapanda ngazi za rufaa, na mambo hayakubaki kama yalivyotamkwa siku ile. Lakini fikiria: sheria 23, zilizojadiliwa, zikapigiwa kura na kutiwa saini na Rais, zikawekwa rehani kwa sababu ya hatua ya kwanza kabisa, ile inayopita kimya.

Sasa tuje kwenye kamati yenyewe, maana hapa ndipo penye utamu.

Kuchagua kamati ni kuchagua maswali yatakayoulizwa. Chukua Mswada wa Nyumba za Bei Nafuu wa 2023, ule uliorudisha makato ya asilimia 1.5 ya mshahara baada ya Mahakama Kuu kuyapiga breki Novemba mwaka huo. Ukiupeleka kwa watu wa fedha, watauliza pesa zitakusanywa na nani na kuwekwa wapi. Ukiupeleka kwa watu wa nyumba, watauliza zitajengwa wapi na nani atapewa. Watu wa leba wangeuliza mfanyakazi wa Industrial Area atabaki na nini akishakatwa. Watu wa ardhi wangeuliza viwanja vinatoka wapi. Mswada ni uleule, ila unazaa ripoti nne tofauti. Bunge liliwapa kamati ya fedha na ile ya nyumba wakae pamoja, na wakaenda kaunti kadhaa Januari 2024 kusikiliza watu. Mimi nauona ni uamuzi unaoeleweka, ila hakuna aliyelazimika kuueleza.

Kuna wanaosema hata hilo ni kutafuta tatizo. Kamati zina mipaka yake iliyoandikwa kwenye Kanuni za Kudumu, kwa hiyo mswada wa afya unaenda Afya, wa fedha unaenda Fedha, na kazi ya Spika ni kama ya anayepanga barua. Wakosoaji wanasahau pia kwamba mpango wetu una ubora ambao wengine hawana. Uingereza mswada hujadiliwa kwanza kwa jumla ndipo huenda kwa kamati. Kwetu kamati hutangulia, ili wabunge wanaposimama kwa mara ya pili wawe na ripoti mkononi na maoni ya wananchi ndani yake. Kwenye karatasi, mpango wetu unamheshimu mwananchi zaidi.

Na kamati hufanya kazi, tusidanganyane. Hata mwaka 2024, Kamati ya Fedha chini ya Kuria Kimani iliketi na wahasibu, watengenezaji mkate, wenye magari na vyama vya wafanyakazi. Juni 18 ikatangazwa kwamba VAT ya asilimia 16 kwa mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari vimeondolewa. Hayo hayakutoka kwenye mjadala wa ukumbini wala kwa maandamano peke yake. Kuna watu waliokuwa wameandika memoranda, yaani maoni ya maandishi, zenye hesabu. Tatizo ni kwamba wakati huo imani ilikuwa imeshaisha. Kijana aliyekuwa akiandamana Kenyatta Avenue hakuona kamati iliyomsikiza. Aliona kamati iliyotishika.

Muda ndio kidonda. Mswada ukishachapishwa kwenye Gazeti Rasmi hupaswa kungoja siku 14 kabla ya kuwasilishwa, na miswada michache kama ile ya kuidhinisha matumizi siku saba. Lakini Bunge laweza kufupisha muda huo kwa hoja, na hoja hiyo ikiletwa na upande wenye wingi hupita kama maji. Kamati nayo hupewa siku zake, na kanuni zinaruhusu mswada usomwe mara ya pili hata kama muda huo umeisha na ripoti haijaletwa. Soma tangazo la kuomba maoni magazetini uone: jina refu la mswada kwa Kiingereza cha mawakili, wito wa maoni kwa maandishi yapelekwe kwa Karani, na mwisho saa kumi na moja jioni ya siku ambayo si mbali. Mwenye duka katika soko la Gikomba anayeguswa na kifungu kimoja kati ya makumi atakifahamu siku ya mwisho, kama si siku ya pili yake.

Haraka ikizidi, matokeo tunayajua. Marekebisho ya sheria za usalama ya 2014 yalipitishwa Desemba 18 huku wabunge wakishikana mashati na maji yakimwagwa, Rais akatia saini kesho yake. Februari 23, 2015, Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane. Upande wa serikali ulikuwa na hoja yake: nchi ilikuwa imetoka kupoteza watu kwa mashambulizi ya kigaidi Mandera, na usalama haungoji. Sikatai. Ila zile siku zilizookolewa Desemba zililipwa mahakamani.

Je, dawa ni kurefusha tu? Si lazima. Katiba imeweka siku 90 kati ya kusomwa mara ya kwanza na ya pili kwa mswada wa kuirekebisha, na siku hizo 90 hazikuusaidia mswada wa jinsia, ule wa kuongeza wanawake Bungeni: Februari 2019 walihitajika wabunge 233, wakaonekana 174. Na mwaka wa fedha huanza Julai 1 kila mwaka; Mswada wa Fedha hauwezi kulala kamatini kama kwamba kalenda haipo. Hata Mahakama ya Juu, ilipoirudisha Sheria ya Fedha ya 2023 mnamo Oktoba 29, 2024 baada ya Mahakama ya Rufaa kuibatilisha, haikukubali kwamba kila badiliko linalotokana na maoni ya umma lazima lirudishwe upya kwa umma. Mswada usingeisha.

Wengine hutamani dawa ya Marekani, ambako wabunge 218 wakitia saini wanaweza kuunyakua mswada kutoka kwa kamati iliyoukalia. Kwetu sioni ikifaa sana. Saini za wabunge wetu huja na kuondoka kwa simu moja ya usiku.

Ninachokitaka ni kidogo kuliko hicho. Kila mswada wa Kenya, ukiufungua kurasa za mwisho, una maelezo ya malengo na sababu: kama unapunguza haki za watu, kama unagusa kaunti, kama ni wa pesa. Maelezo hayo hutiwa saini na mwenye mswada, yaani yule anayetaka upite. Spika naye aandike aya moja: nimeupeleka kwa kamati hii kwa sababu hii, nimekubaliana na mwenzangu wa Seneti tarehe hii, au nimeona ni wa pesa kwa sababu ya kifungu hiki. Pendekezo likikataliwa kabla ya kuchapishwa, sababu nazo ziwekwe mahali pa kusomeka.

Wapo watakaosema aya hiyo itakuwa chambo cha kesi, na Nairobi hatujawahi kukosa wakili wa kupeleka Bunge kortini. Ni hofu ya kweli. Lakini sheria zile 23 hazikuhitaji aya kama hiyo ili kesi iletwe: Spika wa Bunge la Kitaifa alishtakiwa hata hivyo. Tofauti ni kwamba sababu zikiandikwa, majaji hawatalazimika kuzikisia.

Kufanya hivyo hakuhitaji kura ya maoni wala saini ya Rais. Ni marekebisho ya Kanuni za Kudumu, ambayo Bunge hujifanyia lenyewe kupitia kamati yake ya taratibu na kanuni. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni Spika.