Shaba ndani ya nondo: maabara ya Ujerumani na chakavu cha Gerezani

Kijana anayebomoa mota mbovu pale Gerezani, Dar es Salaam, ili atoe waya wa shaba kabla chuma hakijapelekwa kwenye mizani, anafanya kazi ambayo viwanda vya chuma vya Ulaya vinaitafuta kwa udi na uvumba. Nalisema hili nikiwa Ujerumani, kwenye maabara ya metali, ambako mshahara wangu unatokana na tatizo hilohilo la shaba.

Tatizo lenyewe liko hivi. Kutengeneza tani moja ya chuma kwa tanuri la makaa hutoa takriban tani 2 za hewa ukaa, na chuma peke yake hubeba karibu asilimia 7 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Kwa hiyo Ulaya inataka kuyeyusha chakavu zaidi katika matanuri ya umeme. Lakini huku gari bovu hupondwapondwa zima, pamoja na waya zake na mota zake ndogondogo. Sumaku ikija kuokota vipande vya chuma, shaba inakuwa imenasa humohumo. Ikishayeyuka pamoja na chuma haitoki tena, kama chumvi iliyozidi kwenye mchuzi: oksijeni inayopulizwa tanurini kuunguza uchafu hukamata chuma kabla ya kuigusa shaba.

Madhara yanaonekana chuma kinapopashwa zaidi ya nyuzi 1,100 ili kipitishwe kati ya roli zinazokibana na kukipa umbo. Uso wake huungua, chuma kikageuka magamba, na shaba inabaki nyuma ikijikusanya. Nayo huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Basi inapenya katikati ya punje ndogondogo zinazounda chuma, na chuma kinachanika. Bati la bodi ya gari halitakiwi kuzidi kiasi cha asilimia 0.06 ya shaba. Nondo huvumilia zaidi, hadi karibu asilimia 0.4.

Sasa tuje nyumbani. Viwanda vyetu vya nondo, Tanzania na Kenya, vimetegemea sana chakavu kwa miaka mingi, kwa sababu kwa sehemu kubwa hatufui chuma kutokana na madini yetu wenyewe. Kinachoitwa huku mustakabali wa chuma ndicho tunachokiishi. Tena sisi tunabomoa kwa mkono. Kilo ya shaba ina bei kubwa kuliko kilo ya chuma kwa mbali, hivyo hakuna mwokota chakavu atakayeiacha iende na bati. Je, chakavu kilichochambuliwa kwa nyundo na patasi kina shaba kidogo kuliko kilichopondwa na mashine? Hilo ni swali la shahada ya uzamivu, na mahali pake ni Dar es Salaam.

Ndugu na jamaa wakiniuliza kwa nini basi sifanyi utafiti huo nyumbani, wengi hudhani nitasema mashine. Mashine ni sehemu ndogo. Kinachonishangaza Ujerumani mpaka leo ni fundi sanifu wa maabara. Huyu amesomea kazi ya kupima metali kwa miaka mitatu na nusu, akigawanya muda kati ya darasa na kiwanda, na ana cheti chenye hadhi yake. Anajua msasa upi unafuata upi hadi sampuli ing'ae, asidi kiasi gani kwenye spiriti ili punje zijitokeze bila kuunguzwa, na sauti gani ya pampu ni dalili ya ugonjwa. Maprofesa huja na kuondoka, yeye yupo. Mashine ya kuvuta nondo hadi ikatike husahihishwa vipimo kwa ratiba, na gharama ya kuitunza iliwekwa kwenye bajeti siku iliyonunuliwa. Gesi ya argoni, inayohitajika na mashine ya kupima kilichomo ndani ya chuma, inatoka kwenye bomba ukutani.

Nyumbani nimekiona chuo kimoja, sikitaji, chenye darubini ya elektroni iliyokuja kwa msaada wa wafadhili. Picha za uzinduzi zilikuwa nzuri. Baadaye umeme ukapanda na kushuka, kifaa kimoja kikaungua, na hapakuwa na fungu la kukinunua wala mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Vijana wenye akili kali wakawa wanatuma sampuli nje na kusubiri. Hili linaniuma kuliko habari zote za mishahara midogo, maana wale vijana hawakupungukiwa kitu kichwani. Walipungukiwa mtu mmoja wa kudumu na fungu la vipuri.

Ughaibuni nako kuna bei yake. Sheria ya Ujerumani ya mikataba ya watafiti inaruhusu vyuo kukuajiri kwa mikataba ya muda hadi miaka 6 kabla ya shahada ya uzamivu na 6 mingine baada yake. Wengi hufika mwisho wa muda huo bila ajira ya kudumu, wakiwa na watoto shuleni. Kwa mgeni, kibali cha kuishi nacho kinategemea mkataba. Mhadhiri wa nyumbani ana ajira ya kudumu lakini darasa limemfurika na karatasi za kusahihisha hazimwachii usiku. Kama ningelazimika kuchagua, kwa moyo wangu naona hali yake ni rahisi zaidi kuitengeneza, kwa sababu inahitaji uamuzi wetu wenyewe tu.

Kuna jambo jingine linaloniharakisha. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika katika jarida la Science kuhusu ufuaji chuma wa Wahaya, magharibi mwa Ziwa Victoria. Walionyesha kwamba watu wa eneo lile walikuwa wakitengeneza chuma cha kaboni zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na wazee waliokumbuka kazi ile walijenga tanuri upya mbele yao. Nawashukuru watafiti wale, maana bila wao sehemu ya elimu hiyo ingezikwa na wazee. Lakini wakati huo tayari tulikuwa na kitivo cha uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Elimu ya mikono ya wachambuzi wa chakavu nayo ipo leo, wazi, barabarani, na nisingependa ije iandikwe kwanza na mtu aliyeshuka kwenye ndege kwa wiki mbili.

Tena hili si la majarida peke yake. Jengo la ghorofa lilipoanguka katikati ya Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013, watu 36 walikufa. Jengo huanguka kwa sababu nyingi na sisemi nondo ndiyo iliyoua pale. Nasema tu kwamba mtu anayelala ghorofa ya nne Kariakoo ana haki ya kujua kilichomo ndani ya nguzo zake, na kupima kipande cha nondo, vifaa vikiwepo, huchukua dakika chache.

Ombi langu kwa wanaopanga bajeti za vyuo na taasisi za utafiti ni dogo. Msaada wa mashine ukija, upokelewe pamoja na fungu la matengenezo, au usipokelewe. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, na vyuo vya ufundi vifundishe upimaji wa metali kama fani kamili, na wahitimu wake waajiriwe maabara kwa ngazi ya mshahara inayopanda. Nasi tulio nje tuache kuwapa vijana mada zilizobaki kwenye miradi ya wenyeji wetu. Mimi niko tayari kumsimamia kwa pamoja na mhadhiri wa nyumbani mwanafunzi atakayekusanya vipande vya nondo vya mm 12 na mm 16 kutoka madukani, avipime shaba na stani (tin), kisha afuate kila kipande nyuma hadi kwa aliyeokota chakavu. Kuanza anahitaji msumeno, msasa, mtungi wa argoni, spektromita (mashine ya kupima metali zilizomo ndani ya chuma) inayofanya kazi, na fundi sanifu atakayekuwepo mwaka ujao pia.